Umeiona Ile Muvi? Kijiwe, Kundi la WhatsApp, Video Fupi au Letterboxd: Wapi Useme Maoni Yako

Picha limeisha, majina yanapanda kwenye skrini, na tayari una neno la kusema. Kazi ni kujua ulipeleke wapi. Mtu mmoja hapa Dodoma anaweza kuwa na kijiwe cha kahawa jirani na Jamatini, makundi manne ya WhatsApp (la ofisini Mtumba, la waliosoma pamoja, la ukoo na la majirani wa Nkuhungu), akaunti ya TikTok aliyoifungua akaisahau, na rafiki anayemsumbua kila siku ajiunge na Letterboxd, mtandao wa kuandika muvi ulizotazama na maoni yako juu yake. Neno lilelile ukilipeleka kote huko halifiki sawa. Kuna mahali litachekesha, kuna mahali litawanunisha watu, na kuna mahali hakuna atakayelisoma.

Njia hizo nne tunazilinganisha hapa kwa ajili ya mtazamaji wa kawaida, si mhakiki anayelipwa. Vipimo ni vitano: kama anayekusikia ameshaiona muvi, gharama ya bando na muda, nafasi ya kujieleza, maoni yanakaa muda gani, na matatizo yanayoweza kukukuta. Kipimo cha kwanza kimepewa nafasi kubwa kwa makusudi. Ugomvi mwingi wa muvi hautokani na ladha, unatokana na kumwambia mtu mwisho wakati hajaona hata mwanzo.

Kwanza, taja umeona kopi gani

Hili linahusu njia zote, na ndilo watu wanalisahau zaidi. Wawili wanaweza kubishana wiki nzima juu ya muvi moja kumbe wameona vitu viwili tofauti. Mmoja ameiona kibanda umiza, yaani kibanda cha mtaani cha kuonyeshea video kwa kiingilio, imetafsiriwa na DJ. Mwenzake ameiona Netflix kwa lugha yake ya asili, na maandishi chini. Wa tatu kajaziwa kwenye flashi, na alichopewa ni kopi ya kamera, yaani mtu aliingia nayo ukumbini akarekodi skrini.

DJ wa kutafsiri hafanyi kazi ya tafsiri peke yake. Anatia utani, anampa adui jina la mtaani, anaruka mazungumzo marefu, na sauti yake inafunika muziki wa picha. Ukisema "muvi inachekesha balaa", inawezekana aliyekuchekesha ni DJ, na mwenzako aliyeona ile ya asili alikuwa anafuta machozi. Kopi ya kamera nayo hufifisha rangi, hukata pembe za picha na huleta sauti yenye mwangwi. Kuitumia hiyo kusema mpiga picha hajui kazi ni kumwonea.

Kwa hiyo mstari wa kwanza wa maoni yako, popote uendako, uwe na vitu vinne: jina la muvi, mwaka wake, umeionea wapi, na kwa lugha gani. Mwaka una maana kwa sababu majina hujirudia na muvi za zamani huigizwa upya. Kama ni tamthilia ya chaneli kama Sinema Zetu au Maisha Magic Bongo, ongeza umefika sehemu ya ngapi. Bila hiyo, mwenzako aliye nyuma kwa sehemu tatu atakuuliza swali, utamjibu kwa nia njema, na utakuwa umemharibia.

Kipimo cha kwanza: anayekusikia ameiona?

Kijiweni unaweza kuuliza, na jibu unaliona usoni. Wakisema wote wameiona, mwaga yote. Mmoja akisema bado, unapunguza au mnamtania aende zake dakika tano. Udhaifu ni kwamba kijiwe hakina mlango. Dereva wa boda aliyempeleka abiria Area C anarudi katikati ya sentensi yako, na sentensi hiyo ndiyo iliyobeba mwisho wa picha. Kibanda umiza kina hatari yake: wanaotoka wanapishana na wanaosubiri kuingia. Yeyote anayetoka akipiga kelele kwamba fulani kafa amewala watu hela yao ya kiingilio. Zamani kauli ya mtaani kwamba steringi hafi ilikuwa kinga ya kutosha. Siku hizi steringi anakufa hata kabla ya nusu ya picha, kwa hiyo kinga hiyo imekwisha.

Kundi la WhatsApp ndilo kumwaga mchele penye kuku wengi. Watu 60 wanasoma kwa saa tofauti: mmoja yuko kwenye kikao, mwingine yuko kwenye treni ya SGR kutoka Dar na ameipakua muvi hiyohiyo aitazame njiani. Bado kuna namna ya kujilinda, na haihitaji ufundi:

Anza na mstari wa onyo wenye jina la muvi na maneno kama "nataja mwisho". Chini yake weka nukta moja kwa kila mstari, mistari 20 au zaidi, ndipo uandike maoni. Ujumbe mrefu WhatsApp huukata, na msomaji lazima abonyeze "soma zaidi" ndipo auone wote. Kosa la kawaida ni kuandika siri kwenye mstari wa kwanza kisha onyo chini yake. Arifa inayotokea juu ya skrini huonyesha maneno ya mwanzo, hivyo hata ambaye hajafungua kundi atakuwa ameshasoma. Wanaokujibu nao wajibu kwa kuushika ujumbe uleule na kusema "nakubali hapo kwenye daraja", si kuanza ujumbe mpya wa "jamani kumbe baba yake ndiye muuaji!"

Kama kundi ni la wapenzi wa muvi hasa, piga kura kwanza. WhatsApp ina kitufe cha kura: uliza "Mmeiona?" na uweke majibu matatu, "Nimeiona", "Bado", "Naitazama wikiendi hii". Wakiwa wengi bado, subiri Jumatatu. Telegram imeenda mbele kidogo, ina namna ya kuficha maneno yenyewe mpaka msomaji ayaguse.

Kwenye video fupi humjui mtazamaji kabisa. TikTok inampelekea video yako mtu ambaye hajawahi kukusikia. Onyo liwe la kusema na la kuandikwa kwenye skrini, ndani ya sekunde tatu za mwanzo, kwa sababu wengi hutazama sauti ikiwa imezimwa. Njia salama zaidi ni video mbili: ya kwanza ni ya ambaye hajaiona, ya pili ni ya mjadala wa mwisho. Halafu kuna komenti. Wewe utajizuia, lakini mtu wa tatu atamwaga kila kitu hapo chini. Bandika juu komenti yako mwenyewe ya kuomba watu wasitaje mwisho, na zinazotaja uzifute.

Letterboxd na IMDb (tovuti ya taarifa na alama za filamu na tamthilia) zina kisanduku cha kuweka alama kwamba maoni yanafichua kisa. Ukikiweka, maandishi yanafichwa mpaka msomaji aamue mwenyewe. Kwa kipimo hiki hakuna inayozishinda, ila kisanduku hakijiweki chenyewe.

Na je, kufichua ni kufichua nini? Kanuni inayofaa kwa muvi ya saa moja na nusu hadi mbili ni kwamba kilichomo kwenye trela na ndani ya dakika 20 za mwanzo ni ruksa kukitaja. Nani anakufa, nani mhalifu, nani anamwoa nani, hivyo viache. Hata "kuna kitu mwishoni hutaamini" ni kufichua, kwa sababu mtazamaji atakaa anakisubiri na hatashtuka. Muvi zilizotoka vitabuni zina mtego wake. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi, na aliyeisoma riwaya anaweza kudhani kila mtu anajua kisa kinaishia wapi. Kuna ambao hawajaisoma. Na hata kusema "filamu imebadilisha kitabu pale na pale" kunamfichulia aliyekisoma.

Kipimo cha pili: bando na muda

Kijiwe hakili bando. Kinakula kikombe cha kahawa na saa moja yako, wakati mwingine mbili.

WhatsApp ya maandishi haina uzito wowote, ni kilobaiti chache. Voisi ya dakika tatu haifiki megabaiti moja. Mzigo unakuja ukituma kipande cha video: hapo unazungumzia megabaiti kadhaa kwa dakika, na kila mwanakundi aliyeacha simu ipakue yenyewe analipia. Hiyo ni sababu tosha ya kueleza tukio kwa maneno badala ya kulituma.

Video fupi ndiyo ghali zaidi, na gharama kubwa haiko kwenye kupakia. Iko kwenye kurudia. Dakika moja ya kuongea ni kama maneno 120 ya Kiswahili. Kuyaandika, kurekodi mara nne au tano, kukata, kuweka maandishi, ni saa nzima kwa asiyezoea. Ukishafungua TikTok kuangalia imependwa na wangapi, bando linakwenda kwa kutazama za wengine.

Letterboxd ni bure, ina matangazo, na inatumia data kidogo kwa sababu kazi yake ni maandishi na picha za mabango. Muda wake ni dakika tano. Kinachochelewesha ni kutafuta muvi yenyewe: muvi za nje utazikuta mara moja, lakini za Bongo huenda usiikute unayoitaka. Letterboxd huchota orodha yake kutoka TMDb, hifadhi ya taarifa za filamu mtandaoni, ambako mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kuongeza muvi: jina, mwaka, mwongozaji, waigizaji, bango. Ukishaiongeza huko, baadaye itatokea. Tamthilia ni habari nyingine. Letterboxd ni ya filamu, na tamthilia nyingi hazimo, kwa hiyo anayefuatilia sizoni ataona IMDb inamfaa zaidi, maana huko hata sehemu mojamoja hupewa alama.

Kipimo cha tatu: nafasi ya kujieleza

Hapa kijiwe na video vina kitu ambacho maandishi hayana: sauti na uso. Ukisema "mh, ile muvi" kijiweni, watu wameshaelewa. Ukiandika "mh, ile muvi" kwenye kundi, nusu watadhani umeisifia. Kijiwe tena kinakupa mpinzani papo hapo, na maoni mengi ya muvi hukomaa kwa kupingwa. Tatizo lake ni mwenye sauti kubwa. Kuna mtu kila kijiwe ambaye akishasema picha ni mbovu, waliokuwa na wazo tofauti wanakunywa kahawa yao kimya.

Voisi ya WhatsApp iko katikati. Inabeba hisia, lakini haipitiwi kwa macho. Msikilizaji akiwa kwenye daladala bila hedifoni ama anaiacha ama abiria wote wanajua alichofanya adui. Tuma kwanza mstari wa maandishi wenye jina la muvi, kisha voisi isiyozidi dakika mbili. Miezi ya kiangazi upepo wa Dodoma huharibu rekodi za nje kabisa: kinachosikika ni mvumo tu. Ingia ndani, au geukia ukuta na uikinge sehemu ya chini ya simu kwa kiganja bila kuiziba. Kwa anayerekodi video, vumbi hilohilo hukaa kwenye lenzi, na uso unaonekana kama umefunikwa na moshi. Futa kwa kitambaa kikavu kabla ya kila rekodi.

Kwa maandishi, iwe WhatsApp au Letterboxd, sentensi tano zinatosha: umeona kopi gani; kisa kinaanzia wapi, bila kufika mbali; kitu kimoja kilichokukaa, ukitaja tukio; kitu kimoja kilichokusumbua na sababu yake; na inamfaa nani. Sababu ndiyo inayotenganisha maoni na kelele. "Sauti mbovu" haimsaidii mtu. "Wakiongea nje upepo unafunika maneno, na ukipandisha sauti muziki unakupasua masikio" inamsaidia, maana sasa anajua atavaa hedifoni au ataachana nayo.

Alama nazo zina ugomvi wake. Letterboxd hutoa nyota hadi tano, na nusu nyota inaruhusiwa. IMDb ni kumi. Mtanzania aliyekulia kwenye madaraja ya NECTA, Baraza la Mitihani, anasoma namba hizo kivyake: kwenye kidato cha nne A inaanzia 75, C inaanzia 45, kwa hiyo tano kwa kumi kwake ni mtu aliyefaulu. Kwa mwingine tano kwa kumi ni muvi ya kuilalia. Ukitoa alama kwenye kundi, sema kipimo chako mara moja: "kwangu tano ni ya kupitisha muda, nane ningeilipia tena". Vinginevyo acha namba.

Kipimo cha nne: maoni yanakaa muda gani

Ya kijiweni yanaishia kijiweni, na kwa wengi hiyo ni raha yake. Unaweza kusema leo picha ni takataka, wiki ijayo ukaipenda, na hakuna wa kukuletea ushahidi.

WhatsApp yanakaa lakini yanazama. Baada ya wiki, chini ya matangazo ya msiba na salamu za asubuhi, huyaoni. Ndiyo maana jina kamili la muvi lazima liwemo kwenye ujumbe: utafutaji wa ndani ya kundi hauwezi kukuletea "ile ya jana". Stetasi inapotea baada ya saa 24. Makundi yenye ujumbe wa kutoweka hufuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, kulingana na mpangilio. Ukijuta, kufuta kwa wote kunawezekana kwa zaidi kidogo ya siku mbili tangu ulipotuma, ingawa aliyesoma ameshasoma.

Video inakaa mpaka uifute, na hata ukiifuta, aliyeipakua anayo.

Letterboxd ndilo daftari. Inaweka tarehe uliyotazama, ukirudia inaandika tena, na mwisho wa mwaka unaona ulitazama ngapi na zipi. Unaweza pia kupakua kumbukumbu zako zote kama faili. Kwa asiyejali kukumbuka, faida hii yote haina maana.

Kipimo cha tano: matatizo

Kijiweni tatizo ni kupandishiana sauti. Yanaisha.

Kwenye kundi tatizo ni kuchagua kundi lisilofaa. Muvi yenye matukio ya chumbani haijadiliwi kwenye kundi la ukoo aliko shangazi na wadogo zako wa darasa la sita, hata ukiitaja kwa mafumbo. Bodi ya Filamu Tanzania hupanga filamu kwa madaraja ya umri, na kulitaja daraja ni adabu ya kawaida: "ya wakubwa, msiwawekee watoto". Kundi la ofisini lina mtego wake: muvi inayogusa siasa au dini hugeuka mjadala mwingine kabla ya saa sita mchana.

Video fupi ina mengi zaidi. Ukiweka vipande vya muvi yenyewe, mwenye haki anaweza kuiondoa au kuinyamazisha, na hapa nchini kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Tumia uso wako na maneno yako. Zungumzia kazi, si maisha ya mwigizaji: "tukio la hospitali hakulibeba" ni maoni, lakini kumzushia jambo la nyumbani kwake kunaweza kukuingiza kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayogusa taarifa za uongo na unyanyasaji mtandaoni. Waigizaji wa Bongo husoma komenti, na mashabiki wao husoma zaidi. Ukiona mambo yanakua, unapanga ratiba na unaanza kuendesha chaneli kama televisheni ya mtandaoni, angalia masharti ya leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, kabla hujaendelea.

Letterboxd tatizo lake ni upweke. Utaandika vizuri kwa Kiswahili na asikujibu mtu miezi miwili. Dawa ni kuwavuta watu watatu au wanne unaowajua, muanze pamoja.

Kwa hali yako

Umetoka kibanda umiza na damu bado inachemka: kijiwe, ila vuka kwanza mlango wa wanaosubiri.

Wewe ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mnatazama wanne kwenye laptopu moja hosteli: zungumzeni palepale, kisha mmoja aandike sentensi tano kwenye kundi la darasa. Voisi ya watu wanne wanaocheka haimwelezi kitu aliyekuwa maktaba.

Unafanya kazi Mtumba, marafiki zako wa muvi wamebaki Dar: kundi dogo la WhatsApp la watu sita hadi kumi, tofauti na la ofisini, lenye kura ya "mmeiona?" na mistari ya nukta. Kundi la watu 200 halitakupa mjadala, litakupa emoji.

Unafuatilia tamthilia na unataka kukumbuka uliishia wapi: IMDb, au hata daftari la karatasi.

Unatazama muvi nyingi za nje, unasahau majina, na kila mtu anakuuliza "nitazame nini?": Letterboxd, kisha tuma kiungo cha orodha yako kwenye stetasi.

Unapenda kuongea, huoni haya mbele ya kamera, na una saa ya ziada: video fupi, moja kwa wiki, bila vipande vya muvi.

Umeichukia muvi ya mtu unayemfahamu, na Dodoma ni mji mdogo, mtakutana naye Nyerere Square: mpigie simu yeye mwenyewe kwanza, halafu amua kama bado kuna la kuandika.